Muulize Fundi: Seva ni ya wote, zamu ni ya nani?

Barua za safari hii ni kama zimeandikwa na mtu mmoja. Kikundi cha kujitolea, seva moja, na kazi ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayezigusa. Mimi mwenyewe mchana nashughulika na seva kwa mshahara na usiku kwa ahsante, kwa hiyo nawaelewa. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nyingine karibu zote zimo ndani yake.

Orodha ya kazi arobaini na tatu

*Fundi, shikamoo. Kikundi chetu kinakusanya taarifa za ndege. Watu wanahesabu, wanapiga picha, wanaingiza kwenye tovuti yetu. Upande wa mitambo tuko tisa, wote tunajitolea. Seva ni moja ya kukodi, ina mfumo endeshi wa Debian 11, databesi ya MariaDB na picha nyingi sana. Tulikaa tukaandika kila kinachohitaji kufanywa, zikafika kazi arobaini na tatu. Huu ni mwezi wa nne na tumefanya mbili. Tunakwama wapi? – Mhesabu Ndege*

Marahaba. Umeniambatishia orodha yenyewe na nimeisoma yote. Ya kwanza ni "kusasisha mfumo". Ya saba ni "kubadilisha rangi ya kitufe cha kuingia". Ya thelathini na moja, imebanwa kati ya fonti na ukubwa wa picha ndogo, ni "kuangalia kama bakapu zinafanya kazi", yaani nakala za akiba. Hapo niliacha kusoma kwanza, nikavuta pumzi.

Kama kumbukumbu, orodha hiyo ni nzuri. Mpango bado haijawa, maana hakuna mstari hata mmoja wenye jina la mtu na tarehe. Watu tisa wakiambiwa "tufanye", kila mmoja anawasubiri wale wanane. Ichukue upya, na kila kazi uiulize: hii tukiiacha, ipo siku itatufuata yenyewe?

Rangi ya kitufe haitawafuata. Zinazowafuata ni nne, na tarehe ya kila moja mnaweza kuijua leo hii: kikoa, yaani jina la tovuti kwenye mtandao, malipo ya seva, cheti cha HTTPS kinachokihakikishia kivinjari kwamba tovuti ni yenyewe, na umri wa mfumo endeshi.

Anzeni na kikoa kwa sababu ndicho kinachoweza kuchukuliwa na mtu mwingine. Jina la .org au .com likiisha muda na msajili (kampuni mliyolisajili kwake) akalifuta, mwenyewe ana siku 30 za kulikomboa kwa ada iliyo kubwa kuliko ya kawaida, halafu zinafuata siku 5 ambazo hakuna anayeweza kuligusa, halafu anayewahi ndiye mwenyewe. Ingia kwenye akaunti ya msajili uangalie maonyo yanatumwa kwa anwani gani. Mara nyingi utakuta ni ya mtu aliyekwisha kuondoka. Au mbaya zaidi, ni anwani iliyo kwenye kikoa hichohicho: kikoa kikizimika, barua ya kuwaarifu kuwa kimezimika haina pa kufikia.

Malipo ya seva sina la kuongeza. Kadi ya nani, inaisha lini, nani mwingine anaweza kulipa.

Cheti ndicho kinachosahaulika kuliko vyote kwa sababu kwa kawaida kinajiendesha. Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, hutoa cheti cha siku 90, na certbot, programu inayokiomba, hukihuisha kikibakiza kama siku 30. Zamani mambo yakiharibika ulipata barua ya onyo. Tangu Juni 2025 Let's Encrypt wameacha kutuma barua hizo. Tatizo ninalolikuta mara kwa mara ni hili: certbot imefanya kazi yake, faili jipya liko kwenye diski, lakini nginx, programu inayowapa wageni kurasa, bado inatumia lile la zamani kwa sababu hakuna aliyeiambia isome upya. Ukikagua faili unaona mambo shwari. Ukifungua tovuti, kivinjari kinakufokea. Kwa hiyo kagueni cheti kutoka nje ya seva, jinsi mgeni anavyokiona, na amri ya kupakia upya nginx iwekeni ndani ya certbot yenyewe ili ijiite kila cheti kinapohuishwa. Kama kwenu kuna anayehuisha vyeti kwa mkono, mwambieni ajiandae. Watoaji vyeti na watengenezaji wa vivinjari walikubaliana Aprili 2025 kupunguza muda hatua kwa hatua, na kuanzia Machi 2029 cheti hakitazidi siku 47.

Sasa mfumo wenyewe. Debian 11 ilitoka Agosti 2021 na msaada wake wa muda mrefu unakoma Agosti 31, 2026. Baada ya hapo hakuna anayewaletea viraka vya usalama bure. Na mfumo huu hauruhusu kuruka toleo: unatoka 11 kwenda 12, ukitulia unatoka 12 kwenda 13. Kwa hiyo pale mlipoandika "kusasisha mfumo" kwa maneno mawili, pana vikao viwili vya kazi, na kila kimoja kinahitaji mazoezi yake kabla. Halafu kuna PHP, lugha ya kuandikia tovuti: Debian 11 ina PHP 7.4, Debian 12 ina 8.2, Debian 13 ina 8.4. Kama fomu yenu ya kuingizia ndege iliandikwa na mtu aliyependa `each()` au `create_function()`, jueni hizo ziliondolewa kwenye PHP 8.0. Ukurasa utakufa palepale. Hizo ni afadhali, kwa kuwa zinajitangaza. Za kuogopa ni zile sehemu ambazo msimbo unalinganisha namba na maandishi: PHP 8 ilibadilisha namna ya kulinganisha, kwa hiyo sharti lililokuwa linapita laweza kuanza kukataa bila kosa lolote kuonekana. Kwa tovuti ya kuhesabu, hapo mtu mmoja akae na msimbo kabla ya siku ya kazi.

Mazoezi nayo hayana siri. Kodini seva nyingine kwa siku chache, rudisheni bakapu juu yake, pandisheni toleo huko, na kila swali mfumo unalouliza njiani mliandike pamoja na jibu mlilotoa. Mtaulizwa kama faili fulani la mipangilio libaki la zamani au liwekwe jipya. Ukiulizwa hivyo saa za usiku bila kujiandaa, unabofya lolote ili uende kulala.

Rundo la pili ni vitu ambavyo vikipotea havirudi. Kwenu ni hesabu za ndege na picha. Programu zote mnaweza kuzipakua upya. Asubuhi ya mtu aliyekaa na darubini miaka kadhaa iliyopita hamwezi. Kazi ya thelathini na moja inahamia juu kabisa, na msomaji anayefuata ameniuliza hilo, kwa hiyo sogea naye.

Zilizobaki, na rangi ya kitufe imo, ziacheni kwenye orodha ambayo mtu anachagua anachokipenda. Msizipe tarehe. Mtu wa kujitolea akipewa tarehe ya jambo lisilo na haraka, anajifunza kwamba tarehe za kikundi hiki ni za uongo.

Halafu watu. Kabla ya kugawa zamu, kila mmoja kati ya tisa aseme atakuwa na saa ngapi katika miezi mitatu ijayo. Atakayesema hana, mshukuruni kwa kusema. Jumla mtakayoipata igaweni kwa mbili, kwa sababu watu wema hujitia nguvu wasizokuwa nazo. Nadhani mtabaki na jioni moja kwa mwezi na watu wawili wa kuishika, na hiyo inatosha kabisa kwa seva moja. Wawe wawili kweli: mmoja anaandika amri, mwenzake anaisoma kwa sauti kabla haijabonyezwa Enter, kisha anaiandika kwenye daftari la seva. Daftari ni faili la maandishi tu: tarehe, nani, kafanya nini, kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo mtakayoitafuta mwaka mzima baadaye mkikuta mstari wa ajabu kwenye mipangilio na hakuna anayethubutu kuufuta. Na kabla ya kuanza kusasisha chochote, fungueni tmux. Mtandao wenu ukikatika katikati, kazi inaendelea upande wa pili. Bila tmux mnaweza kuacha vifurushi vimefunguliwa nusu, na kikao kinachofuata kikawa cha kusafisha.

La mwisho kwako, Mhesabu. Ndege wana majira, na seva yenu lazima ina majira hayohayo. Fungueni logi, yaani kumbukumbu za seva, mtaona wiki ambazo watu wanaingiza hesabu kwa fujo. Wiki mbili kabla ya siku ya hesabu kubwa, marufuku kugusa seva isipokuwa kwa kiraka cha usalama. Wekeni hilo kwenye kalenda kabla ya zamu yoyote, maana kila zamu nyingine itajipanga kulizunguka.

"Imefanikiwa"

*Fundi, sisi bakapu zinajiendesha kila usiku na asubuhi tunapata barua pepe inayosema "Imefanikiwa". Dada mmoja kwenye kikundi anataka Jumamosi nzima tuitumie kujaribu kuzirudisha. Wengine tunaona ni kutafuta kazi. – Tunalala Vizuri*

Msikilizeni dada huyo.

Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu za watu, usiku, katikati ya tatizo lingine, alitaka kusafisha folda ya databesi kwenye seva ya akiba. Akaifuta kwenye seva kuu. Alipositisha amri, kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5. Wakakimbilia bakapu. Kulikuwa na njia tano za kuhifadhi, na ya kutegemewa ikakosekana. Ile ya kila siku ilikuwa inashindwa kimyakimya kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani kuliko databesi. Barua pepe za kuarifu kwamba imeshindwa zilikuwa zinatumwa, ila zilikataliwa njiani kwa kukosa sahihi iliyotakiwa. Hifadhi ya nje walipoifungua walikuta tupu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Haya yote wameyaandika wenyewe hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Kampuni yenye wahandisi wa mshahara hiyo, nanyi mna barua ya "Imefanikiwa".

Ngoja nikuonyeshe barua hiyo inavyoweza kudanganya. Skripti nyingi za bakapu zina mstari wa aina hii:

`mysqldump ndege | gzip > ndege.sql.gz`

Nenosiri la databesi likibadilishwa, mysqldump, ambayo ndiyo inayonakili databesi, inashindwa na haitoi kitu. gzip inapokea hewa, inaibana vizuri, inaandika faili la baiti 20, inamaliza bila kosa. Skripti inaangalia aliyemaliza mwisho, ambaye ni gzip, naye anasema mambo safi. Barua inatumwa. Usiku unaofuata vilevile. Baada ya wiki chache bakapu nzima ya mwisho imefutwa kupisha mpya, na mnamiliki rundo la mafaili ya baiti 20. Dawa ya hapa ni kuweka `set -o pipefail` mwanzoni mwa skripti ya bash ili kushindwa kwa mysqldump kusifichwe na gzip, kuongeza `--single-transaction` ili majedwali ya InnoDB (aina ya kawaida ya MariaDB) yanakiliwe yote katika hali ya wakati mmoja, na barua itaje ukubwa wa faili la leo na la jana badala ya neno la sifa. Ila hata hayo ni kubahatisha. Bakapu isiyojaribiwa ni mtungi wa gesi ambao hakuna aliyewahi kuutikisa.

Jumamosi yenyewe ifanyeni hivi. Chukueni mashine isiyo na kitu. Asiyeiweka bakapu ndiye airudishe, kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa. Aliyeiweka akae pembeni afunge mdomo, na kila anapotaka kuufungua mjue hapo maelezo yana pengo. Mkimaliza msiseme "inawaka" mkaondoka. Hesabuni safu za jedwali kubwa mlinganishe na seva kuu. Tafuteni ingizo la mwisho ni la lini. Fungueni picha tatu, ya zamani, ya katikati na ya juzi, maana ninayoiona sana ni databesi inarudi kamili na folda ya picha haikuwahi kuingizwa kwenye bakapu kwa sababu ilihamishiwa diski nyingine. Andikeni kazi yote imechukua saa ngapi. Namba hiyo ndiyo mtakayowajibu watu siku wanapouliza tovuti inarudi lini.

Mambo mawili mtayagundua palepale. Kama bakapu zimefungwa kwa ufunguo wa siri, ufunguo uko wapi? Ukiwa ndani ya seva iliyokufa, mna kufuli zuri lisilofunguka. Na nakala za nje ziko mbali kiasi gani? Machi 10, 2021 jengo la seva la OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na wapo wateja waliokuwa na bakapu, ila ziko eneo lilelile la moto. Pia hakikisheni seva yenyewe haina ruhusa ya kufuta bakapu zake. Mwizi akiingia, cha kwanza anatafuta hizo. Mashine ya bakapu ndiyo ije kuchukua, seva isipeleke.

Mzee mwenye funguo

*Fundi, aliyeanzisha tovuti yetu ni mzee wetu tunayemheshimu sana. Yeye ndiye mwenye nenosiri la root (akaunti yenye mamlaka yote), akaunti ya kikoa na ya malipo, na miaka mingi amelipa kwa pesa zake. Tukimwomba atushirikishe anacheka, anasema, "Nikitaka kufa nitawaambieni." Tutamwendeaje bila kumvunjia heshima? – Vijana Wake*

Nimecheka pamoja naye. Kisha nikafikiria siku simu yake inapozimika.

Mmekuwa mkimwomba funguo. Aliyelipa miaka yote hiyo akiombwa funguo anasikia "pisha". Msimwendee kundi zima, wala msimwandikie. Aende mmoja ambaye mzee anampenda, na aende na mambo mawili: hesabu ya alicholipa, kwa kadiri mnavyoweza kuikusanya, na ombi kwamba awasimulie jinsi seva ilivyowekwa, mtu aandike. Lengo si hila. Anayoyajua hayapo popote pengine: kwa nini kuna skripti inayojiwasha Jumapili, ile anwani ya ajabu kwenye ukuta wa moto ni ya nani. Akisimulia hadi kwenye kikoa, mwombeni jambo moja tu, kwamba akaunti ya msajili iongezwe mtu wa pili. Asipokonywe, aongezwe. Wasajili wengi wanaruhusu. Mkipata hilo peke yake mwaka huu, mmeshinda. Seva mnaweza kuijenga upya kutoka kwenye bakapu; kikoa kilichosajiliwa kwa jina la mtu mmoja hamkijengi upya.

Nenosiri la root hamlihitaji, na nawaomba msilitake. Kila mmoja awe na akaunti yake, ufunguo wake wa SSH wa kuingilia kwenye seva, na ruhusa ya sudo ya kutumia mamlaka ya root inapohitajika. Kwa njia hiyo logi inaonyesha nani kafanya nini, na mtu akiondoka mnaondoa mstari mmoja badala ya kubadilisha nenosiri ambalo watu sita wameliandika kwenye simu zao. Mzee naye abaki na akaunti yake, iwe ya kwanza kwenye orodha. Na mpeni kazi ya heshima inayohitaji mtu mwenye macho: kila mwezi asome daftari la seva aulize maswali. Wazee wa aina hiyo huuliza vizuri.

Masasisho ya kujiendesha

*Je, ni salama kuruhusu seva ijisasishe yenyewe usiku? Nimesikia kuna sasisho lililotiwa sumu. – Mwoga*

Ruhusu, kwa viraka vya usalama. Oktoba 15, 2014 Drupal, programu ya kuendeshea tovuti, walitangaza kasoro kubwa, na baadaye wakasema tovuti yoyote ambayo haikupata kiraka ndani ya saa 7 tangu tangazo ichukuliwe kuwa imeshaingiliwa. Kikundi cha kujitolea hakijawahi kukubaliana jambo ndani ya saa 7.

Sumu unayoisema ni ya xz, programu ya kubana mafaili, Machi 2024. Ilikuwa ya kweli na ya kutisha, na Andres Freund aliigundua kwa sababu kuingia kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Lakini kwa upande wa Debian iliishia kwenye matoleo ya majaribio. Toleo thabiti halikuipata. Ndiyo sababu ya kukaa kwenye toleo thabiti na kuiachia unattended-upgrades, programu ya kusasisha yenyewe, viraka vyake. Pana mapengo mawili. Kerneli (kiini cha mfumo endeshi) mpya haifanyi kazi hadi seva iwashwe upya, kwa hiyo kwenye zamu ya mwezi tazameni kama lipo faili la `/var/run/reboot-required`. Pia kitu mlichokiweka kwa mkono kwenye `/var/www`, iwe Drupal, WordPress au programu yenu wenyewe, unattended-upgrades haikijui kabisa. Hicho kinahitaji mtu mwenye jina anayefuatilia matangazo yake ya usalama.

Saa ya kuzima

*Wanachama wetu wako nchi nyingi. Ni saa gani nzuri ya kuzima seva kwa matengenezo? – Saa Zimetuchanganya*

Logi itakuonyesha saa tulivu, lakini usiiabudu. Saa nzuri ni ile ambayo watu wako wawili wako macho, wameshiba usingizi, na siku inayofuata wana nafasi. Tovuti ya kujitolea ikizimwa mchana kwa nusu saa hakuna anayeumia, mradi mmetangaza. Wekeni ukurasa wa "tunarudi" unaojibu kwa namba 503 (haipatikani kwa sasa) na kichwa cha Retry-After (jaribu tena baadaye), ili injini za utafutaji zijue ni jambo la muda. Ukurasa wa "tunarudi" unaojibu 200 (mambo sawa) unaweza kuingizwa kwenye matokeo ya utafutaji kama ndiyo tovuti yenu.

Tangazo liandikwe kwa UTC, saa ya kimataifa, na kwa tarakimu nne. Nimeona kazi iliyokubaliwa "saa nane usiku" ikaingizwa kwenye cron, ratiba ya kazi za seva, kama 8, seva ikazimika asubuhi watu wakiwa kazini. Saa nane usiku ya Afrika Mashariki ni 23:00 UTC; andika hivyo na kila mtu ajibadilishie mwenyewe.

Tovuti ambayo haiandikwi tena

*Tuna tovuti ya makala za zamani. Hakuna aliyeongeza kitu tangu 2019, ila bado inasomwa. Kila mwezi tunahangaika kusasisha programu yake. Hatutaki kuifuta. – Wahifadhi*

Hii ndiyo barua iliyonifurahisha, kwa sababu kazi ya kupanga hapa ni kuiondoa kazi yenyewe. Kama hakuna anayeandika, hakuna haja ya databesi wala PHP. Igeuzeni kurasa za HTML tupu. `wget`, programu ya kupakua kurasa, ikipewa `--mirror`, `--page-requisites`, `--convert-links` na `--adjust-extension` itapita kurasa zote zinazofikika kwa viungo na kuzihifadhi pamoja na picha zake. Kisha nginx inazitoa tu kama mafaili. Hakuna programu ya kudukuliwa, hakuna toleo la PHP la kufukuzia. Kunabaki mfumo endeshi, nginx na cheti, ambavyo vinajitunza kwa sehemu kubwa.

Kagueni anwani za kurasa zisibadilike, kwa sababu watu wameziunganisha kutoka sehemu nyingi. Anwani zenye alama ya kuuliza ndizo zinazosumbua, na huenda mkahitaji kuandika kanuni chache za kuelekeza upya. Kurasa ambazo hazijaunganishwa kutoka popote, wget haitaziona, kwa hiyo toeni orodha ya makala kwenye databesi mlinganishe. Databesi yenyewe inakilini mara ya mwisho, mwiweke pamoja na bakapu nyingine, ndipo muizime. Sanduku la kutafuta litakufa. Liondoeni lisibaki likiwadanganya watu. Fomu ya "wasiliana nasi" nayo itakufa, na mahali pake panatosha anwani ya barua pepe ambayo angalau wawili wenu wanaisoma.